Hawafiki Sifuri

Sahani yangu ilikuwa ya bati, nyeupe, ukingo wa buluu, na niliichukia kuliko ugonjwa wenyewe. Ilikaa kando kwenye kidirisha cha jikoni pamoja na kikombe na kijiko changu, na hapakuwa na mtu aliyeitumia ila mimi. Bibi, Shangazi Ruqaya na binti yake Halima walikula sebuleni, wameketi mkekani wakizunguka sinia moja, kama wanawake wa nyumba yetu walivyokula tangu babu ahame Pwani kuja kufungua duka la vitambaa hapa Machakos mjini. Mimi nilikula kwenye chumba cha uani kilichokuwa stoo ya makaa, mlango wazi ili hewa ipite. Nilisikia kila kicheko chao.

Ulikuwa mwaka 2001. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeingia chuo kikuu Nairobi kusomea biolojia, msichana wa kwanza wa ukoo wetu kufika huko, na Shangazi alikuwa amelitangaza jambo hilo sokoni, madrasani na kwenye harusi za watu wasiotujua. Kufika Desemba nilikuwa nakohoa mpaka wenzangu wa hosteli wakaomba nihamishwe. Januari nikapimwa, nikaambiwa ni kifua kikuu, nikarudi nyumbani kutibiwa. Dawa za miezi minane. Mitihani ya muhula nilikuwa nimeimaliza huku nakohoa, isipokuwa mmoja, Hesabu kwa Wanabiolojia. Chuo kikanipa ruhusa niufanye Agosti.

Hebu niseme nilichokitaka mwaka ule, ili tusizungushane. Nilitaka kurudi kwenye sinia. Mtihani niliutaka, afya niliitaka, lakini kitu nilichokililia ni kuketi mkekani goti langu likigusana na goti la Halima, nikitia mkono kwenye wali ule ule. Aliyeweza kunirudisha alikuwa mmoja tu, Shangazi Ruqaya. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la pili, Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, leo Kampala kesho Kigali, na Bibi alikuwa amezeeka akamwachia Shangazi jiko na kila amri inayotoka jikoni.

Mimi nina hasira za karibu. Bibi husema nilizaliwa nimekunja uso. Na mtu wa hasira akifungiwa peke yake, hasira zikikosa wa kumpata humrudia mwenyewe. Niligombana na mlango. Niligombana na kuku wa jirani. Hata kulia kwa siri sikuweza, kwa sababu kile kidonge chekundu hugeuza maji yote ya mwili kuwa rangi ya machungwa, machozi nayo, na leso yangu ilinisengenya kila nilipoifua.

Basi nikasoma. Mutheu, tuliyekaa naye chumba kimoja hostelini, alinitumia nakala za mihadhara kwa posta. Bahasha ya kwanza ilikuja na barua ndefu yenye habari za kila mtu. Ya pili ilikuja na maneno mawili, "Ugua pole." Ya tatu haikuja.

Mhadhiri wetu alipenda kufundisha kalkulasi kwa viumbe. Kurasa zake zilijaa sungura wanaozaana kisiwani, hamira inayofura kwenye chupa, samaki wanaokua bwawani. Sikuwa na sungura wala bwawa. Nilikuwa na mwili wangu na mizani ya kliniki ya kifua, nilikokwenda kumeza dawa mbele ya nesi, kwa sababu utaratibu ulikuwa lazima mtu akuone ukimeza. Nesi huyo aliitwa Kaluki, mama mnene kutoka Wamunyu mwenye sauti ya kuita mbuzi ng'ambo ya bonde.

"Uvoo, Layla?" aliniuliza hali kila siku.

"Nĩ mũseo," nilijibu kwamba ni njema, na hicho ndicho Kikamba nilichozungumza na mtu kwa siku nzima, na mara nyingi ndicho kitu pekee nilichozungumza kwa lugha yoyote.

Mwezi wa kwanza niliongeza nusu kilo. Wa pili nikaongeza kilo mbili. Kaluki aliridhika, mimi nikarudi chumbani na swali. Kilo mbili kwa mwezi ni wastani, na wastani unaficha mengi. Huenda wiki ya kwanza sikuongeza kitu na wiki ya mwisho nikafura. Nikitaka kujua kasi yangu ya Jumanne, nipime Jumatatu na Jumatano. Nikitaka ya Jumanne adhuhuri, nipime asubuhi na alasiri. Niendelee kuubana muda hivyo, uwe mdogo, mdogo zaidi, bila kuuacha uwe sifuri, kwa sababu ukiwa sifuri hakuna kilichobadilika na hakuna cha kupima. Lakini majibu yenyewe, kadiri muda unavyobanwa, yanakaribia namba fulani na kutulia hapo. Namba hiyo huitwa kikomo. Hiyo ndiyo kasi ya papo hapo, kasi ninayonenepa nayo sasa hivi, nikiwa nimekaa juu ya gunia tupu la makaa.

Nilikuwa nimeikariri sentensi hiyo muhula mzima bila kuielewa. Siku iliponiingia nilisimama nikatoka uani kutafuta wa kumwambia. Halima alikuwa akianika nguo. Aliponiona akavuta mtandio akajifunika pua, kwa adabu, akanitabasamia kwa macho. Nikarudi ndani.

Machi ulipofika, makohozi yangu yakapimwa tena. Kaluki aliniita kando, karibu na ndoo ya maji.

"Majibu yako imekuja safi," alisema. "Hakuna kitu wameona kwa darubini. Sasa wewe si mtu wa kuogopwa hata kidogo. Si umesema uko na sahani yako pekee yako? Rudisha kwa zingine. Kula na watu wako."

"Na Shangazi?"

"Mwambie Kaluki amesema. Lakini dawa usiache, hata ukisikia uko na nguvu ya kubeba ng'ombe. Bado ile miezi ingine sita."

Nilipanda kutoka hospitali nikikimbia, nikisimama mara kwa mara kuvuta pumzi, nikikimbia tena. Nilimkuta Shangazi uani akichambua mchele kwenye ungo, na Bibi yuko kwenye msala wake kibarazani, ametoka kusali alasiri, tasbihi ingali mkononi. Nikawaambia yote aliyosema nesi.

Shangazi aliweka ungo chini. Sikumwona akifurahi wala kukasirika. Aliniangalia kama alivyozoea kuniangalia nikitoka shule na ripoti.

"Kaluki ni mtu mwema," alisema. "Lakini yeye kazi yake ni kuwapa watu moyo. Wewe ndiye msomi wetu. Wewe ndiye unayeyasoma mambo haya mchana kutwa mle ndani. Nitakuamini wewe, Layla. Hao wadudu wa kifua, wameisha wote?"

"Sema kweli tu, mwanangu," Bibi akaongeza.

Sasa, mtu akikaa miezi miwili bila kuulizwa kitu ila "Umekohoa?" halafu aulizwe swali la maana, tena na watu wawili kwa mpigo, anaweza kulewa. Mimi nililewa. Wiki ile ile nilikuwa kwenye sura ya upungufu, na ilikuwa imenichota akili. Dawa huua kila siku sehemu ile ile ya waliobaki. Wadudu wakiwa wengi hufa wengi, wakiwa wachache hufa wachache. Kasi ya kupungua inafuata idadi yenyewe, na ukiichora unapata mstari unaoporomoka kwanza, kisha unalegea, unalala, unasogelea sakafu ya grafu bila kuigusa milele. Niliuona mzuri mstari ule. Niliupenda, nasema kweli, kama mtu anavyompenda mgeni aliyekuja kumtembelea hospitalini.

Kwa hiyo sikusema "wameisha". Nilichukua kipande cha kaa nikauchora kwenye saruji ya uani, mkubwa, kutoka karibu na bomba mpaka miguuni pa Shangazi. Nikamweleza kila kitu, mikono ikirukaruka. Shangazi alifuata kwa kidole.

"Na hapa mwisho?" aliuliza.

"Mwisho hauna. Hawafiki sifuri, Shangazi. Wanakaribia tu."

"Wanakaribia tu," akarudia.

"Kila siku zaidi."

Alichukua ungo wake, akaupepeta mara moja. "Basi tungoje wafike," alisema.

Bibi alimtazama Shangazi, kisha akarudi kwenye tasbihi yake. Mimi nilisimama pale na kaa mkononi, nikiwa sijaelewa bado kwamba nimejifungia mlango kwa mkono wangu na ufunguo nimemkabidhi yeye. Nilielewa wakati wa chakula cha usiku, nilipoona sahani ya ukingo wa buluu imepakuliwa na kuwekwa mahali pake.

Aprili, Mei, Juni. Mvua ikaja ikaufuta mchoro wangu uani. Nilipiga hesabu zote za kitabu na nyingine nikajitungia. Uzito wangu uliendelea kupanda, ila kila mwezi kwa kiasi kidogo kuliko mwezi uliopita, nikajifunza kwamba kitu kinaweza kuongezeka huku kasi yake ikishuka, na kwamba hilo si baya, ni mwili unakaribia uzito wake. Nilitaka kumwambia mtu hilo pia. Upweke wangu ulikuwa wa namna hiyo hasa. Sikukosa watu, nyumba ilijaa watu, na majirani waliochungulia na kunong'ona kwamba TB siku hizi si TB tu. Nilikosa mtu wa kumwambia, "Njoo uone hiki." Na hesabu ni kitu kibaya kukijua peke yako.

Kaluki nilimwona sasa mara moja moja, kuchukua dawa za mwezi. Aliponiuliza kama nimerudi kwenye sinia nilidanganya kwamba ndiyo, kwa sababu niliona aibu kumwambia ni nani aliyenizuia.

Julai baridi ya Machakos ilikaza, ukungu ukilala kwenye vilima vya Iveti mpaka saa nne. Nilikuwa nimenunua mbaazi kavu sokoni kujifanyia mazoezi ya nusu-nusu. Mfano wa kitabu ulikuwa dawa ndani ya damu, kila baada ya saa kadhaa hubaki nusu yake. Nikamwaga mbaazi sakafuni, nikawa natoa nusu na kuweka kando, nusu na kuweka kando. Fungu likapungua vizuri, likifuata mstari wangu. Kumi na sita. Nane. Nne. Mbili. Moja.

Nikabaki na mbaazi moja kwenye kiganja. Kalamu ingeandika nusu, robo, thumuni, bila haya yoyote. Lakini nusu ya mbaazi haikuwepo kiganjani, ilikuwepo mbaazi.

Nilicheka peke yangu kwa sauti. Dawa kwenye damu ni kama uji, unaweza kuugawa mpaka tone na tone la tone. Wadudu si uji. Mdudu hana nusu, ama yuko au hayuko, na wa mwisho akifa hapo ni sifuri, sifuri kavu, si kukaribia. Ule mstari mzuri unafaa wakiwa mamilioni. Wakibaki wa kuhesabika hauna la kusema tena. Hesabu haikuwa imekosea. Mimi ndiye niliyeuchukua mstari wa wengi nikaumalizia na wa mwisho, halafu nikauchora kwa kaa mbele ya Shangazi Ruqaya.

Nilichota mbaazi zangu nikaenda mlangoni mwa jikoni. Kizingiti sikukivuka, nilikuwa nimeshazoea. Shangazi alikuwa akikaanga vitunguu.

"Shangazi, ile Machi nilikueleza vibaya."

Akatoa sufuria motoni. Nikazipanga mbaazi kizingitini, nikatoa nusu, na nusu, mpaka ile moja. Nikamwambia yote. Nilisema haraka, maana nilijua sina hesabu nyingine baada ya hii. Alisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza, kisha akachuchumaa akaiokota ile moja akaitazama.

"Hii ikianguka udongoni," aliuliza, "mvua ikanyesha?"

"Itaota."

"Ee."

"Lakini ndiyo maana dawa ni miezi minane, Shangazi. Ndiyo maana hawakunipa miwili. Ni kwa ajili ya hiyo moja."

"Zubair alipata nafuu," alisema. Zubair alikuwa mumewe, babake Halima. Alifariki Halima akiwa mchanga, na katika nyumba yetu ilisemwa tu kwamba alifariki kwa kifua. "Ulikuwa mdogo, hukumbuki. Alinenepa. Alirudi dukani. Alikaa hapo na ndugu zake wakala wote, nikamshukuru Mungu. Miezi mitatu, minne, ikarudi ikamchukua."

"Aliacha dawa?"

"Aliacha."

"Mimi sijaacha hata siku moja."

"Najua hujaacha." Alinirudishia mbaazi, akiiangusha kiganjani mwangu kutoka juu kidogo, vidole visikutane. Yeye mwenyewe aliona alichokifanya, uso ukamshuka. "Najua yote unayoniambia, Layla. Tangu Machi nilijua. Ni mkono wangu tu ndio haujui."

Angenitukana ningepata nguvu. Hasira zangu zimezoea kutukanwa. Niliokota mbaazi zangu kizingitini nikarudi chumbani, na siku hiyo sikufungua kitabu.

Agosti nilikwenda Nairobi nikafanya mtihani kwenye chumba cha mikutano, mimi na msimamizi mmoja aliyesoma gazeti. Swali la tatu lilihusu idadi ya bakteria baada ya dawa, na mwisho wake likauliza: eleza udhaifu mmoja wa mlinganyo huu. Niliandika ukurasa mzima. Nilimtafuta Mutheu hostelini nikaambiwa amehamia mtaa wa Kahawa. Majibu yalipotoka nilikuwa nimepita vizuri, na Shangazi akalitangaza sokoni kama kawaida yake.

Septemba nikamaliza dawa. Kaluki alinipima uzito mara ya mwisho, akanishika mashavu yote mawili kwa mikono yake. "Umemaliza. Enda. Nisikuone hapa tena," alisema, na mimi nilisimama pale nikitamani asiyaachie, maana ilikuwa miezi minane tangu ngozi ya mtu inishike bila sababu ya tiba.

Ilikuwa Ijumaa. Nilifika nyumbani wanaume wakitoka msikitini, na nyumba nzima ilinukia pilau. Nilikwenda kwenye kidirisha kuchukua sahani yangu. Haikuwepo.

"Njoo ule," Shangazi aliita kutoka sebuleni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeyatayarisha maneno hayo tangu asubuhi. "Layla. Njoo ule na sisi."

Nilinawa mikono mpaka viwiko. Nikaketi mkekani. Sinia lilikuwa katikati, pilau inafuka mvuke, nyama juu. Bibi alikuwa mkabala nami, Halima kulia kwangu, Shangazi kushoto. Tukasema bismillahi.

Kwenye sinia kila mtu hula mbele yake. Bibi alitufunza hivyo tukiwa watoto, na mkono uliotangatanga ulipigwa kofi. Mtu huanzia ukingoni akielekea katikati, na kadiri watu wanavyokula, kuta za wali kati ya mtu na mtu huporomoka zenyewe, mikono ikakutana kwenye nyama. Mimi nilikula polepole. Nilikuwa nimefumba macho nusu kwa utamu wa kile chakula, kwa hiyo nilichelewa kuona. Halima alikuwa akila upande wake wa mbali, ule wa kuelekea Bibi. Shangazi vivyo hivyo. Kulia kwangu na kushoto kwangu palikuwa pamebaki tuta la pilau, refu, halijaguswa, kama matuta yanayozuia udongo kwenye mashamba ya huku kwetu.

Shangazi alifinya tonge. Alilitazama. Alilishika hewani, na nikaona kwamba anajaribu kulitia kinywani, anajaribu kwa nguvu zake zote, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha akalirudisha siniani taratibu.

"Nimeshiba," alisema. Alikuwa hajala hata robo. Akainuka akaingia jikoni. Halima aliangalia mlango, akaniangalia mimi, macho yakamjaa maji, akasema anakwenda kuleta maji ya kunywa, naye akaenda.

Nilitoa mkono wangu nikauweka pajani. Nilitaka sahani yangu. Naona aibu kusema hivyo, baada ya kulilia sinia miezi yote hiyo, lakini pale nilitaka sahani yangu na stoo yangu na mlango wazi.

Bibi alikuwa bado anatafuna. Macho yake yalikuwa mabovu, lakini tuta lile aliliona. Alijisogeza kwa magoti kulizunguka sinia mpaka bega lake likagusa langu. Akanyoosha mkono, akapita wali wa Halima, akapita tuta, akauingiza mbele yangu kabisa, kwenye kishimo vilipokuwa vidole vyangu, akafinya tonge akalitia kinywani. Akarudi tena pale pale.

"Kula," aliniambia, mdomo umejaa.

Nikala. Tulikula sisi wawili sinia la watu wanne, mkono wake na wangu kwenye kishimo kimoja. Kule jikoni Shangazi alikuwa akinawa mikono, na bomba halikufungwa mpaka tulipomaliza.